Kununua kwa jumla Costco: mwongozo kwa familia zinazoishi Marekani

Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba inayonunua mchele kwa gunia na mafuta kwa dumu, duka la ghala la Marekani si jambo geni. Ugeni uko kwenye masharti ya uanachama, vipimo vya pauni na galoni, na udogo wa nyumba mzigo unakopelekwa. Mwongozo huu unaifuata Costco, duka la ghala la wanachama, kwa sababu ndiyo inayopatikana katika miji mingi wanakoishi Waafrika Mashariki, lakini hesabu zake zinafaa pia maghala mengine ya aina hiyo, Sam's Club na BJ's.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Pesa unayookoa haipatikani kwenye foleni ya malipo, bali nyumbani, pale chakula ulichonunua kinapoliwa chote. Ukinunua pauni 10 za nyama kwa bei nzuri kisha ukatupa pauni 3, umeinunua ghali kuliko duka la mtaani. Ndiyo maana sehemu ndefu za mwongozo huu zinahusu friza, ndoo na mifuko.

Hatua ya 1: Pima nyumba kabla ya kulipa ada

Anza na friza. Futi moja ya ujazo hubeba takriban pauni 30 hadi 35 za chakula kilichopangwa vizuri, yaani kilo 14 hadi 16. Friza ndogo ya kusimama sakafuni ya futi 5 inatosha karibu pauni 150. Friza ya juu ya friji la apatimenti ni ndogo kuliko hapo, na mara nyingi nusu yake imeshajaa. Nyama ya jumla haiwezi kusubiri nafasi ipatikane, kwa hiyo kama huna nafasi, anza na vitu vikavu na vya usafi peke yake.

Kisha hesabu ulaji wenu kwa wiki, kwa uzani halisi. Familia ya watu watano inayopika wali mara nne kwa wiki, vikombe vitatu kila mara (karibu gramu 600), hula kilo 2.4 kwa wiki. Gunia la pauni 25 lina kilo 11.3, basi litakwisha chini ya wiki tano. La pauni 50 litakaa wiki tisa na nusu. Yote mawili yanafaa kwa familia hiyo. Kwa mtu anayeishi peke yake na kupika mara mbili kwa wiki, gunia la pauni 50 litakaa zaidi ya mwaka, na kabla halijaisha fukusi watakuwa wameshajenga.

Fanya hesabu hiyo kwa vitu sita au saba mnavyovitumia zaidi: mchele, unga wa ngano, mafuta, sukari, maharage, kuku, pampasi. Andika kwenye simu. Orodha hiyo ndiyo itakayokulinda ndani ya duka.

Hatua ya 2: Chagua duka na aina ya kadi

Costco ina kadi mbili kuu. Tangu Septemba 2024, Gold Star ni dola 65 kwa mwaka na Executive ni dola 130. Executive hukurudishia asilimia 2 ya manunuzi yanayostahili, kwa kikomo cha dola 1,250 kwa mwaka, na mafuta ya gari hayahesabiwi. Tofauti ya dola 65 hurudi pale unapofikisha manunuzi ya dola 3,250 kwa mwaka, kama dola 271 kwa mwezi. Chini ya hapo, chukua Gold Star. Mhudumu wa kaunta atakushawishi uchukue ile kubwa. Hiyo ni kazi yake, na kukataa hakuna aibu yoyote.

Kabla ya kuchagua duka, angalia kadi unayolipia. Kwenye maghala ya Costco nchini Marekani, kadi ya mkopo inayopokelewa ni Visa tu. Kadi za benki za kawaida na fedha taslimu hupokelewa. Mwenye Mastercard ya mkopo pekee atafika kwenye malipo akiwa na troli iliyojaa na kujikuta hana njia. Sam's Club, iliyo ya kampuni ya Walmart, hupokea Mastercard, Visa, American Express na Discover. Uking'ang'ania Costco, hakikisha una kadi ya benki yenye salio la kutosha siku hiyo.

Wanaotumia kadi ya EBT ya msaada wa chakula wa SNAP wanaweza kuitumia kwenye maghala ya Costco kwa chakula kinachostahili. EBT hailipii ada ya uanachama, sabuni, pampasi, tishu za chooni, wala chakula cha moto. Kwa hiyo yule kuku wa kuchoma wa dola 4.99 anayetoka motoni lazima alipiwe kwa pesa nyingine. Panga vitu vya EBT upande mmoja wa troli, ujue mapema kiasi kitakachobaki kulipwa kwa pesa taslimu.

Kama mna gari, linganisha bei ya petroli ya duka na vituo vya jirani. Tuseme tofauti ni senti 20 kwa galoni na unajaza galoni 12: unaokoa dola 2.40 kila unapojaza, na ukijaza mara 28 ada ya Gold Star imerudi. Lakini kama ghala liko maili 20 kutoka kwako, safari yenyewe inakula faida hiyo.

Hatua ya 3: Siku ya kujiunga

Nenda kwenye kaunta ya uanachama na kitambulisho cha serikali chenye picha. Utapigwa picha, utapewa kadi, na siku hiyohiyo utanunua. Mtu mmoja wa ziada anayeishi nawe kwenye anwani hiyohiyo hupata kadi ya pili bila malipo. Mke, mume, kaka au dada, chagua yule anayefanya manunuzi kweli.

Hapo kaunta huenda ukaulizwa kama unataka pia kadi ya mkopo ya Costco inayotolewa na benki ya Citi. Hicho ni kitu tofauti kabisa na uanachama. Maombi yake yanahitaji taarifa zako za kifedha na hupekua historia yako ya mikopo, na kwa mtu aliyewasili karibuni asiye na historia hiyo, kukataliwa ni rahisi. Uanachama wa kawaida hauhitaji namba ya Social Security. Ukiona fomu inaiomba, simama uulize unajaza nini.

Mlangoni kadi husomwa kwenye mashine na picha yako hutokea. Kadi haiazimwi. Mwanachama anaweza kuingia na wageni wawili pamoja na watoto wao, lakini anayelipa ni mwanachama.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha bei

Vipimo vinne vitakutosha. Pauni moja ni gramu 454. Aunsi moja ni gramu 28. Galoni ni lita 3.8. Kwoti ni robo ya galoni, pungufu kidogo ya lita moja. Ukitaka kugeuza bei ya pauni kuwa bei ya kilo, zidisha kwa 2.2: kuku wa dola 1.50 kwa pauni ni dola 3.30 kwa kilo.

Kwenye kibandiko kuna bei kubwa, na kando yake bei ndogo ya kipimo, kwa pauni, kwa aunsi au kwa kipande. Ile ndogo ndiyo ya kulinganisha. Tuseme gunia la pauni 25 ni dola 20: hiyo ni senti 80 kwa pauni. Mfuko wa pauni 5 kwenye duka la mtaani ukiwa dola 4.50, ni senti 90. Umeokoa dola 2.50 kwa gunia zima, jambo jema, ila si sababu ya kubeba magunia matatu. Na usidhani kikubwa siku zote ni nafuu. Duka la kawaida likiwa na ofa kwenye sukari, mayai au soda, mara nyingi hulishinda ghala.

Bei inayoishia .97 kwa kawaida ni ya bidhaa iliyoshushwa ili iondoke. Nyota ndogo kwenye pembe ya juu kulia huashiria kwamba bidhaa hiyo haitaagizwa tena; kama ni kitu unachokitegemea na hakiharibiki, ongeza kimoja. Punguzo za matangazo ya Costco hujikata zenyewe kwenye malipo, hakuna kuponi ya kukata. BJ's yenyewe hupokea kuponi za watengenezaji.

Bei ya kibandiko haijaongezwa kodi ya mauzo. Majimbo mengi hayatozi kodi hiyo kwenye chakula cha kupika nyumbani lakini huitoza kwenye sabuni, karatasi na vyombo. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hazina kodi ya mauzo ya jimbo.

Hatua ya 5: Nini cha kununua, nini cha kuacha

Mchele. Basmati ndio wa pilau na biriani. Jasmini hushikana kidogo, na kwa wali wa nazi hilo si kosa. Tui la makopo huuzwa kwa makopo sita pamoja. Ukiona jina Calrose, huo ni mchele wa punje za wastani unaonata, pilau yake itakuwa bonge. Mchele ulioandikwa "enriched" umepakwa vitamini, na ukiuosha maji matatu kama tulivyozoea, vitamini hizo zinakwenda na maji. Hakuna madhara, ila jua hivyo. Mchele wa rangi ya kahawia usinunue kwa gunia: pumba zake zina mafuta yanayochacha baada ya miezi michache.

Unga wa ngano. Kwa chapati na mandazi tafuta "all-purpose". Ule wa "bread flour" una protini nyingi zaidi; donge lake hujivuta kila ukilisukuma, na chapati hutoka ngumu usipolipumzisha muda mrefu. "Self-rising" umeshatiwa chumvi na hamira ya unga, haufai chapati. Kilo moja hutoa karibu chapati 15 za gramu 110 za donge, basi mfuko wa pauni 25 ni chapati kama 170. Hesabu hiyo inakuambia papo hapo kama unauhitaji.

Unga wa ugali. Hapa wengi hukosea. Unga mweupe laini wa mahindi kama sembe mara nyingi hutaupata kwenye ghala, na unga wa masa wa Wameksiko unaouzwa karibu yake si mbadala wake: mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa, na ugali wake hunata na kunukia kama chapati za kimeksiko. Unga wa mahindi uliopikwa kiwandani kabla, ule wa arepa, nao huganda haraka bila kuiva kama tunavyotaka. Sembe, dona, muhogo wa fufu, kisamvu au sombe, vyote hivyo vinunue kwenye duka la Kiafrika la mjini kwako. Mboga ya kushiba nayo ipo: kale na collard za mifuko mikubwa hufanya kazi ya sukuma wiki vizuri, ila mfuko ni mwingi. Nusu yake ichemshe kwa dakika mbili, kamua, ugandishe.

Mafuta. Dumu la pauni 35 ni kama lita 17. Ni la wenye kukaanga kwa biashara. Familia hulifungua, likaguswa na hewa na mwanga kwa miezi, likaanza kunuka. Chupa ya kwoti 5, karibu lita 4.7, ndiyo kadiri.

Kuku. Mapaja na miguu huja kwenye vifuko vilivyobanwa hewa, kadhaa vimeshikana, kila kimoja kinachanika peke yake. Hii ni miongoni mwa bidhaa bora kwa familia, kwa sababu kazi ya kugawa imeshafanywa: chana, weka friza. Kuku huyu ni laini mno kuliko wa kienyeji. Ukimchemsha saa nzima ataachana na mifupa.

Nyama nyekundu. Kwa mchuzi chukua bega la ng'ombe, "chuck", katika kipande kizima, ukate mwenyewe. Iliyokatwa tayari huwa ghali kwa pauni. Kwa mbuzi mzima au kondoo mzima, tafuta Costco Business Center, aina ya maghala yanayohudumia mikahawa na yanayofunguliwa kwa kila mwenye kadi ya Costco. Mengi yao huuza mbuzi mzima aliyegandishwa, ingawa si kila tawi na si kila wiki. Anatoka mgumu kama jiwe, na huwezi kumkata kwa kisu cha nyumbani. Panga na bucha mwenye msumeno kabla hujamnunua, au umyeyushe kwenye friji siku kadhaa.

Waislamu waangalie alama ya halali kwenye kifungashio chenyewe, wasichukue kwa kuambiwa. Kondoo wa Australia mara nyingi huwa nayo. Vitamini za kutafuna za watoto nyingi zina jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe, na baadhi ya maharage ya kopo yana nyama ya nguruwe ndani. Soma orodha ya viambato.

Pampasi na tishu haviozi, na hapo ghala huwa na faida ya uhakika. Ila mtoto hukua: usinunue boksi tatu za saizi moja. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yana tarehe ya mwisho ambayo ni lazima kuifuata. Kwa vyakula vingine vingi, tarehe ya "best by" inahusu ubora tu.

Viungo vya unga, bizari, pilipili manga: acha. Kopo kubwa la iliki au binzari litapoteza harufu kabla hujafika katikati. Maduka ya Kihindi huuza kwa mifuko midogo yenye viungo vikali zaidi, na kwa bei nzuri.

Hatua ya 6: Ndani ya duka

Nenda siku ya kazi, mara baada ya kufunguliwa au saa ya mwisho kabla ya kufungwa. Mchana wa Jumamosi na Jumapili ni msongamano.

Televisheni, nguo na vitu vya msimu hupangwa mbele, chakula kikiwa nyuma. Mpangilio huo unakupitisha mbele ya vishawishi ukiwa bado na pesa. Pita moja kwa moja. Chukua kwanza vitu vikavu na vizito, viwe chini ya troli, halafu mboga, nyama, maziwa na vya friza mwisho kabisa.

Duka halitoi mifuko. Beba yako, au omba maboksi matupu karibu na malipo. Weka risiti mkononi, kwa sababu mlangoni mfanyakazi ataitazama, atahesabu kwa macho na kuichora mstari. Hufanyiwa kila mtu, usihisi kwamba umeshukiwa. Mara nyingine ukaguzi huo hugundua kitu kilichosomwa mara mbili, pesa ikarudi kwako.

Chakula cha baridi kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili. Hewa ikizidi nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu. Kwa wakazi wa Houston, Dallas au Phoenix, buti la gari wakati wa kiangazi hupita joto hilo kwa mbali, basi beba boksi la barafu na usipitie kwa mtu njiani. Minneapolis mwezi Januari shida ni kinyume chake: mayai na soda zilizoachwa kwenye gari usiku huganda na kupasuka, na viazi huharibika.

Hatua ya 7: Saa ya kwanza nyumbani

Kazi hii ifanywe siku hiyohiyo. Mzigo ukiingizwa friza kama ulivyo, unaganda bonge moja la pauni 8, na siku ya kupika utalazimika kuyeyusha lote.

Nyama: igawe kwa mlo mmoja mmoja. Kwa watu watano, pauni mbili za nyama ya mchuzi zinatosha. Tia kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, ulaze bapa kwa unene wa vidole viwili. Bapa huganda haraka, huyeyuka haraka, na hupangika kama vitabu. Hewa ikibaki ndani, nyama hukauka na kuota madoa meupe. Si sumu, ila utamu umekwenda. Andika jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito kabla mfuko haujapata unyevu. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo kwa vipimo vya huku ni 0 Fahrenheit. Nyama ya kusaga itumie ndani ya miezi 3 hadi 4, vipande vya kuku ndani ya 9. Usiingize pauni 40 za nyama isiyogandishwa kwa mpigo kwenye friza ndogo. Joto lake litaamsha vilivyoganda. Gawa siku mbili, nyingine ikisubiri kwenye friji.

Kuyeyusha ni ndani ya friji: pauni 4 hadi 5 huchukua siku moja. Nyama iliyoyeyushwa kwenye friji yaweza kugandishwa tena. Iliyoachwa mezani usiku kucha itupwe.

Mchele na unga: mayai ya fukusi yaweza kuwa ndani ya mfuko tangu ghalani. Gandisha siku 4, kisha utoe na uache mfuko ukiwa umefungwa hadi urudi kwenye joto la chumba. Ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hewa utageuka matone juu ya nafaka, na ukungu utafuata. Hamishia kwenye ndoo safi ya chakula yenye kifuniko kinachobana. Ndoo ya galoni 5 hupokea zaidi kidogo ya pauni 30 za mchele: gunia la 25 linaingia lote, la 50 linataka ndoo mbili. Mchele wa zamani uliwe kwanza, usimwage mpya juu yake.

Vitunguu na viazi visikae pamoja. Viazi viwe gizani, mahali pa ubaridi kiasi, nje ya friji. Mayai ya Marekani yameoshwa, yakapoteza utando wa asili, kwa hiyo lazima yakae kwenye friji. Huko hukaa wiki 3 hadi 5.

Kopo kubwa la nyanya, lile la pauni 6 na zaidi, usilifungue bila mpango. Likifunguliwa, pika nyanya zote na vitunguu hadi mafuta yajitenge, ugandishe mafungu ya mchuzi mmoja mmoja. Tangawizi na kitunguu saumu saga, tia kwenye trei ya barafu. Jioni za kazi utakuwa na msingi wa mchuzi tayari.

Hatua ya 8: Kugawana na familia nyingine

Hii ndiyo njia bora kwa wanaoishi apatimenti, na kwetu si jambo jipya. Mwanachama mmoja anunue na kulipa, wengine wamrudishie. Mkubaliane mambo matatu kabla ya safari: orodha, kikomo cha pesa, na nani anachukua kipande kipi cha nyama. Gawa kwa mizani ya jikoni, maana kugawa kwa macho ndiko kunakovunja urafiki. Gharama ya mafuta ya gari igawanywe pia. Vitu visivyogawanyika vizuri, kama mtindi au jibini lililokwisha kufunguliwa, visiingie kwenye orodha ya pamoja.

Kwa harusi, msiba au arobaini, piga hesabu ya gramu 100 hadi 120 za mchele mkavu kwa mtu. Watu 100 ni gunia moja la pauni 25, ukiongeza kidogo kama ni wala wali hasa. Nyama yenye mifupa, gramu 150 hadi 200 kwa mtu, ni kilo 15 hadi 20. Maji ya chupa ya Costco huja 40 kwa katoni, basi katoni tatu. Sahani, foili na maji yasiyofunguliwa huweza kurudishwa. Chakula cha baridi kisirudishwe baada ya kushinda ukumbini.

Hatua ya 9: Mzigo wa kupeleka nyumbani Afrika

Vyombo vya umeme vya ghala la Marekani vimetengenezwa kwa volti 120. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hutumia takriban 220 hadi 240. Kitu cha kupasha joto, kama pasi au jiko la wali, kikichomekwa huko huvuta nguvu karibu mara nne na kuungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema 100-240V, kama chaja nyingi za simu na kompyuta, kiko salama. Kikisema 120V peke yake, kiache. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini ya kadi. Hakikisha mpokeaji yuko kwenye mtandao unaotoa laini ya kielektroniki (eSIM).

Begi la pauni 50 ni kilo 23. Losheni na shampuu za chupa kubwa hulijaza upesi, kwa hiyo pima nyumbani. Usifungie mzigo kwa mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania Juni 2019.

Hatua ya 10: Kurudisha na kuhuisha kadi

Bidhaa nyingi hurudishwa bila muda maalumu. Televisheni, kompyuta, simu, kamera na vyombo vikubwa vya nyumbani vina siku 90. Manunuzi yako yote yamo kwenye kumbukumbu ya kadi, hivyo risiti iliyopotea si mwisho. Kitu ulichonunua kikishuka bei ndani ya siku 30, nenda kaunta uombe tofauti.

Ada hulipwa kila mwaka. Ukilipa ndani ya miezi miwili baada ya kadi kuisha, mwaka mpya huhesabiwa tangu tarehe ya zamani, kwa hiyo kuchelewa makusudi hakukuongezei kitu. Mwezi mmoja kabla, jumlisha manunuzi ya mwaka kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Kama ulichukua Executive na hukufikia dola 3,250, omba kurudishwa Gold Star. Kama umehamia mji usio na ghala karibu, au huna tena nafasi ya kuhifadhi, futa kadi kwenye kaunta: Costco huahidi kurudisha ada ya mwaka kwa mwanachama asiyeridhika. Kama uliweka malipo yajikate yenyewe, hakikisha yamezimwa siku hiyohiyo.